Banda la gari nalo linahitaji kibali?

SWALI: Nyumba yangu ya Dar es Salaam ina kibali cha ujenzi. Sasa fundi anataka kuezeka banda la gari mbele, kenchi zikalie ukuta wa jirani. Niombe kibali kingine?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndiyo, omba kabla hujanunua hata bati moja. Kibali cha awali kinahusu michoro iliyopitishwa, na banda halimo. Maombi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa, nayo manispaa huyakagua. Andaa hati ya kiwanja au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja), risiti ya kodi ya ardhi, ramani ya kiwanja na michoro ya banda inayoonyesha umbali kutoka kila mpaka.

Hapo kwenye umbali ndipo wengi hukwama. Fundi hupima kutoka kwenye nguzo, kumbe bati limetokeza nusu mita zaidi. Pima kutoka ukingo wa bati, na uanzie kwenye bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja), kwa sababu ukuta wa uzio mara nyingi haukufuata mpaka. Kenchi zisiguse ukuta wa jirani: simamisha nguzo zako, bati literemkie upande wako, maji yapokelewe na mfereji.

Gari moja latosha mita 3 kwa 5.5. Msingi usiubanie: banda halina kuta, upepo huingia chini na kulinyanyua paa, kwa hiyo mchoro uonyeshe zege la kila nguzo na boliti zake. Ukianza bila kibali, alama nyekundu ya X yaweza kukufikia kabla bati halijapigwa misumari.