Mmoja aliugua mapema, mwingine mzima: ni vinasaba?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nalea watoto wawili wa marehemu dada yangu, wote walizaliwa na VVU. Mkubwa alianza kuugua akiwa na miezi mitano, yuko kwenye dawa tangu hapo. Mdogo ana miaka minane, amepimwa mwaka huu tu na hajawahi kulazwa. CD4 yake, yaani seli za kinga, ni 910, wingi wa virusi 38,000. Ndugu wanasema ana damu ngumu, nisimwanzishie dawa. Je, ni vinasaba? Kuna kipimo?

JIBU: Marahaba, mama. Dawa aanze, hilo halina mjadala. Lakini ndugu zako hawajakosea kila kitu.

Wao wameitazama hiyo 910. Mimi nimeishangaa 38,000. Mtu mzima anayekaa miaka mingi bila kuugua kwa kawaida virusi vyake ni vichache, kwa sababu kinga inavibana. Mtoto wako virusi anavyo tele, ila kinga yake haikurupuki kupigana. Watoto wa namna hii ni kama 5 hadi 10 katika kila 100 wasiotibiwa. Walipochunguzwa, seli zao za CD4 zinazoishi muda mrefu zilikuwa na CCR5 chache, yaani ule mlango ambao kirusi hupitia kuingia ndani. Kuna nyani wa Afrika Magharibi, sooty mangabey, wanaoishi na kirusi cha jamii hiyohiyo kwa mtindo huo, wala hawaugui.

Huenda umesikia pia habari ya watu ambao ni nadra sana kuambukizwa. Hao jeni yao ya CCR5 imepungukiwa herufi 32, na wamerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Ni kama mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Kwa Waafrika ni nadra mno. Aliyeirithi upande mmoja tu huambukizwa, ila ugonjwa hukawia.

Kinachogusa zaidi watoto ni jeni za HLA. Seli iliyovamiwa hubandika vipande vya kirusi nje, askari wa kinga wakaviona na kuiua. HLA ndiyo huamua kipande kipi kibandikwe. Mtu mzima mwenye aina ya HLA-B*57 au B*27 mara nyingi huchelewa kuugua. Kwa mtoto mambo hugeuka: nusu ya HLA yake ni ya mama, na kirusi kimeishi ndani ya mama huyo miaka kadhaa, kikajifunza kuficha vile vipande. Kinapomwingia mtoto kinamjua nusu tayari. Nusu ya baba ndiyo ngeni kwake. Watoto wa mama mmoja si lazima warithi nusu zilezile, kwa hiyo wawili wako wanaweza kutofautiana hapo.

Wanaweza pia kutofautiana kwa sababu isiyo ya vinasaba hata kidogo. Aliyeambukizwa tumboni kwa kawaida huugua mapema kuliko aliyeambukizwa kwa kunyonya. Hata kwa mapacha, Kurwa, anayetangulia kutoka, ameonekana kuambukizwa mara nyingi kuliko Doto.

Kipimo cha kuamua nani asubiri dawa hakipo. Kipo cha HLA-B*57:01, ila hicho ni cha kujua nani anaweza kudhuriwa na abakavir, mojawapo ya dawa za VVU. Na hii CD4 nzuri haina mkataba: baadhi ya watoto hawa hushuka wakifika umri wa kubalehe, na kwa virusi 38,000 ataweza kuambukiza wengine atakapokuwa mkubwa. Bila dawa, theluthi moja ya watoto waliozaliwa na VVU hawakufikisha mwaka, na nusu hawakufikisha miwili. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa, CD4 iwe ngapi.

Usimgawie dawa za mkubwa wake. Dozi hufuata uzito. Ila saa ya kumeza iwe moja kwa wote wawili, watakumbushana.