Maswali na Majibu: Kamera Kuukuu, Unyevu wa Tanga na Hizo Megapikseli Zenu

Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha. Walioandika "Bei?" bila kusema bei ya nini, wasisubiri.

Shikamoo mzee. Nina laki tatu, ninunue kamera gani nzuri? (Kijana, Mabawa)

Marahaba. Nzuri kwa kazi gani? Ungesema unapiga ndege, watoto wa dada yako, mpira wa Mkwakwani au magofu ya Tongoni, tungeongea. Swali hili huja hivi hivi, limevuliwa nguo, na jibu langu halijabadilika: bodi (kamera yenyewe bila lenzi) yoyote ya Canon au Nikon ya kati ya 2005 na 2010 inayowaka, inayofokasi, na ambayo betri yake bado inapatikana. Canon EOS 350D ya 2005 ina megapikseli 8, yaani nukta milioni 8 kwa picha. Nikon D40 ya mwishoni mwa 2006 ina 6. Nikon D90 ya 2008 ina 12. Chukua utakayoipata ikiwa nzima.

Najua utauliza kama 6 zinatosha. Picha ya D40 ina nukta 3008 kwa 2000. Ichapishe kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya inchi 10 kwa karibu 7. Ipeleke hadi A4 na hakuna mgeni sebuleni kwako atakayesogea ukutani kuhesabu nukta. Skrini ya simu ya 1920 kwa 1080 ina megapikseli 2 tu, na najua huko ndiko picha zako zitaishia.

Hiyo laki tatu usiimalize kwenye bodi. Bakiza ya betri ya pili, memori kadi, na boksi la plastiki nitakalolieleza chini. Siku ya kununua nenda mchana, nenda na kadi yako. Piga ukuta mweupe ukiwa umefunga tundu la lenzi hadi f/22 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), kisha kuza picha uone madoa ya vumbi kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma. Bonyeza kila kitufe. Kwa 350D, ambayo hutumia kadi nene za CompactFlash, chungulia kwenye tundu la kadi: kuna visindano vyembamba mle, kimoja kikipinda kamera haisomi, na muuzaji atakuapia kwamba kadi yako ndiyo mbovu.

Halafu hili la "imepigwa picha elfu tano tu." Nikon huandika hesabu ya shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga, ndani ya faili la picha, unaweza kuisoma kwa programu. Canon nyingi za zamani haziandiki. Kwa hiyo anayekutajia hesabu ya Canon bila kukuonyesha popote anaitoa mdomoni mwake.

Simu yangu ina megapikseli 108. Kwa nini unatusukumia kamera za megapikseli 6? (Chumbageni)

Sikusukumi. Simu ikikutosha, kaa nayo. Ila ujue kwamba simu nyingi za 108 huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12, na sensa yake haifiki hata robo ya eneo la sensa ya D40, yenye milimita 23.7 kwa 15.6. Simu inaficha udogo huo kwa hesabu za programu, na inaficha vizuri. Tofauti utaiona ukitaka uso ukae wazi na nyuma yake pafifie kwa ukweli, si kwa mkasi wa programu unaokata masikio ya watu.

Lenzi yangu imeota kitu kama utando wa buibui ndani. Niifute na spiriti? Jirani ananiambia niifukie kwenye mchele. (Mama wa watoto watatu, Raskazone)

Mama, hapana kwa spiriti na hapana kwa mchele. Hiyo ni kuvu, na kwa sisi wa mwambao ndiyo inayoua vifaa vingi kuliko kuanguka, maji na wezi wakiwekwa pamoja. Iko upande wa ndani wa kioo, spiriti yako haitafika. Ukiilazimisha kwenye maungio utayeyusha gundi na kusukuma grisi mpaka kwenye majani ya tundu la lenzi. Mchele nao unaacha vumbi la wanga, ambalo ni chakula kingine kwa hiyo hiyo kuvu.

Kama utando ni mwembamba na uko pembeni, tumia lenzi kama ilivyo. Kwenye picha hutauona, isipokuwa unapoelekea jua. Kama umetanda katikati, kuna mafundi wanaofungua, lakini pima gharama: lenzi ndogo ya 18-55 iliyokuja na kamera haistahili ufundi, tafuta nyingine ya mtumba. Na hiyo yenye kuvu usiiweke pamoja na nzima.

Sasa niseme ambalo hukuuliza. Najua kamera ilikuwa wapi. Ilikuwa kabatini, ndani ya mfuko wake wa ngozi, chini ya mashuka, tangu Idi mpaka Idi. Kuvu hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu, na ngozi hunyonya unyevu na kuutunza. Kabati la Raskazone wakati wa masika linatimiza masharti yote. Watu wananiandikia wakitaka dawa, na dawa iliyo bora kuliko zote haiuzwi: itoe kamera nje kila wiki, izungushe lenzi, ipate mwanga na hewa, piga hata picha za kuku. Lenzi inayofanya kazi kila wiki haioti kuvu kwa urahisi. Watu wanaonunua kamera ya pili wakati ya kwanza inaozea kabatini ndio wanaonimaliza nguvu.

Baada ya hapo ndipo boksi. Nunua boksi la plastiki la vyakula lenye mpira kwenye mfuniko, libane kweli kweli. Tia ndani vifuko vya silika jeli. Chukua zile chembe za rangi ya chungwa zinazobadilika zikilowa. Za bluu zina kemikali ya kobalti, sizitaki kwenye nyumba yenye watoto. Zikilowa zikaushe kwenye kikaango kisichopikiwa tena, juu ya moto mdogo, mpaka rangi irudi. Ukipata kile kipimo kidogo cha unyevu, kiweke humo na ujitahidi kisome kati ya asilimia 40 na 50.

Na unapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Vinginevyo kioo kitatoa jasho palepale, na hutajua kama na ndani kumelowa.

Nimenunua D40 na lenzi ya Nikon AF 50mm f/1.8D. Haifokasi yenyewe na inaandika FEE. Nimeibiwa? (Muheza)

Hujaibiwa, hukusoma. D40 haina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Inategemea mota iliyo kwenye lenzi, yaani zilizoandikwa AF-S. Yako haina. Ndugu zake D40x, D60, D3000 na D5000 wana ugonjwa huo huo, D90 hana. Hiyo FEE ni pete ya tundu la lenzi: izungushe mpaka f/22 na uifunge kwa kile kidude kidogo, maandishi yatatoweka. Kisha fokasi kwa mkono ukiangalia kitone cha kijani chini ya dirisha la kutazamia. Kikitulia bila kumeta, fokasi imekaa. Usiiuze lenzi hiyo. Ni kali kuliko yote uliyonayo, na kwenye D40 inaona kama 75mm, urefu mzuri sana kwa nyuso.

Lenzi ya Canon inaingia kwenye Nikon?

Hapana. Lenzi ya Nikon kwenye Canon, kwa adapta, ndiyo, ila utafokasi kwa mkono.

Nimeweka kadi ya GB 128 kwenye kamera ya mwaka 2004, inagoma. Kadi feki? (Pangani)

Inaweza kuwa feki pia, lakini si sababu. Kamera za kabla ya 2006 kwa kawaida husoma SD za kale tu, mwisho GB 2. Baadaye zikaja SDHC, mpaka GB 32, na D40 inazipokea. Kuanzia hapo kwenda juu ni SDXC, ambazo kamera yako haijawahi kuzisikia. Tafuta GB 2 kwenye madroo ya mafundi simu, wanazo na hawazijali. Iformati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Na mkipeleka kadi stesheneri kuchapisha picha, sukumeni kile kidude cha pembeni kiwe upande wa kufunga kwanza. Nimeona kadi zikirudi na virusi, na nyingine zikirudi tupu kabisa huku kijana wa kaunta akiangalia dari.

Kamera ndogo ya marehemu baba, ya 2003, inapiga picha nyeusi au zenye mistari ya zambarau. Menyu inaonekana vizuri. Ni lenzi?

Pole kwa baba. Ni sensa, si lenzi. Oktoba 2005 Sony ilikiri kwamba sensa zake kadhaa za CCD (aina ya sensa za zamani) za miaka hiyo huharibika zikikaa kwenye joto na unyevu, nyaya nyembamba za ndani zinaachia. Na kwa kuwa Sony iliwauzia wengine sensa, ugonjwa ukaingia kwenye kamera za Canon, Nikon, Fujifilm na Konica Minolta pia. Wakati ule watengenezaji walirekebisha bure, muda huo umeshapita. Hapa kwetu joto na unyevu ni mwaka mzima, kwa hiyo zilizokufa ni nyingi. Itunze kama kumbukumbu, na toa betri isije ikavujia humo.

Hili liwafikie na vijana mnaosaka kamera ndogo za CCD kwa sababu mtandaoni wanasema zina "rangi za zamani." Rangi mnayoipenda kwa sehemu kubwa ni jinsi kamera ilivyopika JPEG, faili la kawaida la picha, na flashi ya uso kwa uso. Mkitaka kununua, nunueni, lakini iwashwe mbele yenu na ipige picha, tena ikishapata moto. Menyu kuonekana si ushahidi.

Nikimpiga mjomba amevaa kanzu mbele ya ukuta wa chokaa, uso unatoka mweusi tii. Kamera mbovu? (Ngamiani, Barabara ya 12)

Kamera nzima. Mita yake, kipimo cha mwanga, inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ikiona kanzu nyeupe na ukuta mweupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na mjomba ndiye anayelipa. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, panda mpaka +1, piga, angalia, panda tena kama haijatosha. Kinyume chake pia kipo: uso mweusi ukijaa fremu nzima mbele ya giza, kamera itaupausha. Shuka.

Ila kosa kubwa liko kwenye saa. Umempiga saa saba mchana. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na miezi mingine halikai mbali. Macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Sensa za zamani hazivumilii: palipoungua pakawa peupe hapana kitu cha kurudisha, hata ukipiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika. Mwambie mjomba akae barazani, kivulini, uso ukielekea barabarani. Mwanga unaogonga barabara na kuta za ng'ambo unarudi usoni mwake laini, bila senti ya flashi. Nyumba za Ngamiani zina studio bure mbele ya kila mlango, ninyi mnaniuliza taa za kununua. Au subiri baada ya saa kumi jioni, lakini usichelewe. Hapa jua likishazama giza haliulizi.

Naruhusiwa kupiga picha soko la samaki Deep Sea? (Mwanafunzi)

Salimia kwanza, nunua hata dagaa, omba, kisha piga. Akikataa, amekataa, usirudi kumvizia na lenzi ndefu kutoka nyuma ya mtumbwi. Akina mama wakaanga samaki wamechoka kuonekana mitandaoni wakiwa na majasho na moshi, chini yake maneno ambayo hawakuyasema. Ukiahidi kuleta picha, ichapishe uilete. Nimeona watu wakifukuzwa pale kwa deni la aliyewatangulia. Na lenzi usiielekeze bandarini, kambi za jeshi wala vituo vya polisi, hata kama mawingu yamependeza.

Binamu yangu ameniomba nimpigie harusi ya usiku kwa 350D yangu. Nina lenzi ya 18-55 na kadi moja. Ushauri?

Kataa. 350D mwisho wake ni ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga), na hapo picha ni chenga. 18-55 yako ukiivuta inafunga mpaka f/5.6, kwa hiyo ukumbini utaishia kwenye flashi ndogo ya juu, itakayompiga bibi harusi usoni na kumuacha nyuma yake gizani kama yuko pangoni Amboni. Kadi moja ikifa, imekufa na nikahi yote, na binamu utakutana naye kwenye kila msiba kwa miaka thelathini.

Mwambie atafute mpiga picha wa kulipwa, na wewe uende kama mgeni. Asubuhi yake, wakati wa maandalizi, kaa uani penye mwanga wa mlango: mikono inayochorwa hina, nazi zinazokunwa, bibi anayegombeza watu wa jikoni. Hizo 350D inaziweza, ISO 400, f/5.6, na mpiga picha wa kulipwa hatakuwa amefika bado.