Kidonda kimefunga, lakini hatoki nyumbani

Mama, unauliza kwa nini kaka yako, aliyekatwa mguu chini ya goti, bado hatoki nyumbani ilhali daktari amesema amepona. Daktari alizungumzia kidonda. Kaka yako huenda anangoja siku atakapovuka mawe ya lava ya Goma hadi kazini bila kushikwa mkono. Muulize mwenyewe angependa kurudia jambo gani kwanza, kwani kwa mmoja ni misa, kwa mwingine ni kusimama mbele ya wateja wake. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hupungua unene katika miezi ya mwanzo, hivyo mguu bandia ukilegea au ukimchubua, arudi kwa fundi, kwa mfano pale Shirika la Umoja, kituo cha miguu bandia mjini Goma, aurekebishe, asiuache uvunguni (wengi huuacha). Maumivu anayoyasikia katika mguu usiokuwepo ni ya kweli, msimwambie anajidanganya.