Jibu: Hill alistahili medali kuliko Daicos?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini medali ya Norm Smith, ile ya mchezaji bora wa fainali ya ligi ya mpira wa kanuni za Australia (AFL), mwaka 2023 alipewa Bobby Hill ilhali mwenzake wa Collingwood, Nick Daicos, ndiye aliyetawala katikati ya uwanja. Kwa maoni yangu haki ilitendeka, kwani katika mechi ambayo Collingwood iliishinda Brisbane kwa pointi 90 kwa 86, Hill peke yake alifunga magoli manne, yaani pointi 24, mbali na ule mpira wa robo ya pili alioudaka hewani juu ya beki wa Brisbane, Brandon Starcevich. Daicos alicheza vizuri, sikatai. Anayesahaulika mno ni Steele Sidebottom wa Collingwood, ambaye bila goli lake la shuti la mbali la dakika za mwisho, goli la Joe Daniher lililofuata lingeipa Brisbane uongozi.