Bastola ya easofti (ya kuchezea, inayorusha gololi za plastiki) ya mazoezi: gesi au springi?

Ya gesi, ile ambayo sehemu ya juu inarudi nyuma kila unapofyatua. Ya springi ni rahisi kununua, lakini unaikoki kwa mkono kila risasi, kwa hiyo kufyatua mfululizo hujifunzi kabisa. Nimezitumia zote mbili. Tafuta yenye umbo na uzito wa bastola halisi. Hapo utazoea kuchomoa, kulenga na kubadili magazini, na gololi za plastiki za milimita 6 ni bei chee ukilinganisha na risasi za kweli. Mshtuko mkononi ni mdogo lakini, usijidanganye. Baridi ikizidi gesi hulegea. Miwani ya kinga vaa hata ukiwa peke yako, gololi hudunda ukutani.