Kinda wangu wa Fantasy kachanika nyama za paja: nimtoe au nimvumilie?

SWALI: Shikamoo daktari. Nacheza Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza, ule mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanavyocheza. Kwenye kikosi changu nina kiungo kinda wa miaka 19, bei 5.0 (milioni za mchezo), amepandishwa kutoka timu ya vijana na kocha alikuwa anamwanzisha kwenye mechi zote za kirafiki. Juzi katolewa dakika ya 30 akiwa ameshika nyuma ya paja. Klabu inasema wiki mbili hadi tatu, na ligi inaanza baada ya siku 16. Kwenye grupu letu la Telegram kuna jamaa anauza taarifa za majeruhi, anasema dogo kachomwa sindano maalumu na raundi ya kwanza atakuwepo. Mchezo umemwekea bendera ya njano, asilimia 50. Nimwache au nimtoe? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Mtoe. Mpaka dedilaini ya raundi ya kwanza, yaani dakika 90 kabla ya mechi ya ufunguzi, unabadilisha wachezaji bure bila kikomo. Kumtoa leo hakukugharimu hata pointi moja, na ukimtaka tena Septemba ni uhamisho mmoja tu. Kumng'ang'ania ndiko kwenye gharama, ila gharama yenyewe haiko pale unapoiangalia.

Swali hili huja kila Julai na Agosti, jina la mchezaji tu ndilo linabadilika, na kosa ni lile lile: watu wanaichukua "wiki mbili hadi tatu" kama tarehe ya mechi. Mtu anafungua kalenda, anahesabu siku 14, anatia alama. Klabu haikusema hivyo. Makadirio ya aina hiyo kwa kawaida ni ya siku mchezaji atakaporudi kufanya mazoezi kamili na wenzake, tena mambo yakienda vizuri. Kutoka hapo hadi kuanza mechi kuna ngazi nyingine: mazoezi kadhaa kamili bila kulalamika, kukaa benchi, kuingizwa dakika 15, kisha 30, ndipo aanze. Na huyu wako kaumia katikati ya maandalizi, kwa hiyo anadaiwa mara mbili. Anadaiwa kupona, na anadaiwa pumzi na mbio ambazo wenzake wanazijenga sasa hivi yeye akiwa juu ya baiskeli ya gym. Nyota aliyezoeleka kocha atamsubiri. Kinda aliyepandishwa juzi, nafasi yake inachukuliwa na mwingine Jumamosi ile ile.

Sasa angalia hesabu ya Fantasy, maana hapa ndipo wengi wanapochomwa. Tuseme kweli yupo raundi ya kwanza, anaingia dakika ya 80. Amecheza chini ya dakika 60, anakupa pointi 1. Kwenye benchi lako la kwanza kuna mtu kapata pointi 7. Hazikufikii, kwa sababu mchezo humwingiza wa benchi pale tu aliyeanza kikosini mwako asipocheza hata dakika moja. Dogo angebaki jukwaani ungepata zile 7. Kwa hiyo aliyepona nusu ni hasara kuliko aliye nje kabisa, na ukiwa umempa unahodha, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili, ndiyo balaa: nahodha akigusa uwanja hata dakika moja, makamu wake hahesabiwi mara mbili tena.

Ile bendera nayo isomwe kwa akili. Asilimia 75, 50 au 25 ni makadirio ya kama atacheza raundi inayofuata, yanayotokana na habari zilizotoka hadharani. Si kipimo cha hospitali. Asilimia 50 haina maana kwamba msuli umepona nusu, wala haisemi lolote kuhusu ni dakika ngapi atacheza.

Tuje kwenye paja lenyewe. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu, na ule wa upande wa nje ndio huchanika zaidi mtu anapokimbia kwa kasi ya juu. Huchanika pale mguu unaporushwa mbele na msuli ukawa unaufunga breki kabla kisigino hakijagusa chini: unavutwa huku unakaza. Ndiyo maana mchezaji anaweza kutembea, kupanda ngazi, hata kukimbia taratibu bila maumivu kwenye siku ya 7, halafu akachanika upya siku ya 15 alipofyatuka kuufuata mpira mmoja mrefu. Maumivu huondoka kabla nguvu haijarudi. Hili ndilo ningependa lieleweke kuliko mengine yote, na ndilo lisiloeleweka.

Cha kuuliza si "wiki ngapi" bali "kimechanika nini". Madaktari wa riadha wa Uingereza wana ngazi zao za ukubwa wa jeraha, kutoka 0 hadi 4, na ngazi huongezewa herufi ya mahali lilipo: a ni pembeni mwa msuli kwenye utando, b ni nyama inapoungana na kano, c ni ndani ya kano yenyewe. Jeraha la herufi a linaweza kuisha ndani ya wiki mbili au tatu. La herufi c huchukua muda mrefu zaidi na hurudia kirahisi, hata kama siku ya tatu wote wawili wanachechemea kwa namna ile ile. Klabu haikutajii herufi. Jamaa yako wa Telegram naye muulize ni a, b au c, uone atakavyozunguka mbuyu.

Kuhusu kurudia, takwimu zipo. Utafiti wa UEFA uliofuatilia klabu kubwa za Ulaya kwa misimu 21, kuanzia 2001/02 hadi 2021/22, ulikuta kwamba sehemu ya majeraha ya nyuma ya paja kati ya majeraha yote ilipanda kutoka asilimia 12 hadi 24. Kati ya majeraha hayo, asilimia 18 yalikuwa ya kurudia, na 69 katika kila 100 ya yaliyorudia yalitokea ndani ya miezi miwili baada ya kurudi uwanjani. Hizo ni klabu zenye madaktari, mashine na vizibao vya GPS. Kevin De Bruyne, wakati huo kiungo wa Manchester City, aliumia nyuma ya paja kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Istanbul, Juni 2023. Akakosa ziara ya maandalizi, akaingia kama mchezaji wa akiba kwenye Ngao ya Jamii, akaanza mechi ya ufunguzi dhidi ya Burnley tarehe 11 Agosti. Dakika ya 23 akatoka, akafanyiwa upasuaji, na hakuonekana tena uwanjani hadi Januari 2024. Aliyekuwa naye Fantasy siku ile alivuna pointi 1.

Basi umrudishe lini? Usifuate picha za mazoezini. Akionekana anakimbia peke yake na mtaalamu wa viungo, bado sana. Akiwa na kundi lakini anatolewa kabla ya mchezo mdogo wa mwisho wa mazoezi, bado. Ndani ya klabu wanataka nguvu ya mguu ulioumia ikaribie ya mguu mzima, tofauti isizidi kama asilimia 10, wanataka akimbie kwa kasi yake ya juu kabisa mara kadhaa bila kusita, na wanataka amalize mazoezi kadhaa kamili. Wewe huko Mwanza huoni hata kimoja cha hivyo, ila unaona dakika. Subiri aanze mechi mbili mfululizo na kuvuka dakika 60 katika kila moja. Uhamisho wa bure unaweza kuulimbikiza hadi mitano, kwa hiyo huna sababu ya kukatwa pointi 4 za uhamisho wa ziada kumkimbilia. Bei yake ikipanda 0.1 au 0.2 ukiwa unasubiri, acha ipande. Nafasi yake mpe mtu wa 5.0 au chini anayeanza kila wiki, hata kama jina lake halisisimui.

Sasa hiyo sindano.

Watu wakisema "sindano maalumu" mara nyingi wanamaanisha ile ya damu ya mchezaji mwenyewe: inatolewa, inazungushwa kwenye mashine, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zinakusanywa na kurudishwa kwenye jeraha. Inavutia kwenye simulizi. Uholanzi waliipima kwa wanamichezo 80 walioumia nyuma ya paja, nusu wakachomwa hiyo, nusu wakachomwa maji ya chumvi ya hospitali bila kujua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: makundi yote mawili yalirudi michezoni kwa wastani ule ule, siku 42. Anayekuambia sindano hiyo inageuza wiki tatu kuwa siku kumi anauza hewa. Sindano ya ganzi au ya kuua maumivu ni hatari zaidi, maana maumivu ndiyo kengele pekee aliyonayo mchezaji, na wewe umeikata waya. Steroidi zikichomwa karibu na kano huweza kuidhoofisha hadi ikatike.

Ningeishia kwenye Fantasy kama mambo haya yangekuwa yanabaki kwenye simu. Hayabaki. Anayesoma kwamba nyota kachomwa sindano akacheza ndiye Jumamosi ya ndondo anakwenda duka la dawa kuchomwa diklofenaki saa moja kabla ya mechi, kisha anashangaa kwa nini paja limeachia moja kwa moja. Na kabla ya hapo alishachuliwa. Kuchua msuli uliochanika jana, kwa maji ya moto na dawa ya kupaka inayowasha, ni kuongeza damu inayovuja ndani. Paja la mbele lililopigwa goti ndilo baya zaidi kuchuliwa: likikandwa kwa nguvu siku za mwanzo, damu iliyoganda ndani inaweza kugeuka mfupa katikati ya nyama, na hapo utakaa nje kwa miezi.

Siku 2 au 3 za mwanzo funga bandeji ya kuvutika, isibane hadi vidole vife ganzi, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, rudia mara chache kwa siku, na tembea kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baadaye anza kuupa msuli kazi: lala chali, kisigino kimoja juu ya kiti, nyanyua makalio polepole. Ukiweza marudio 20 sawa kwa miguu yote miwili ndipo ufikirie kukimbia, na kasi ya juu iwe ya mwisho kabisa. Ukisikia mlio kama kamba kukatika, au weusi ukashuka hadi nyuma ya goti, au mguu ukashindwa kubeba uzito, nenda hospitali, si kwa mchuaji.

Na walimu wa michezo wa sekondari: kijana wa miaka 14 hadi 17 anayeshika chini kabisa ya kalio, pale anapokalia, huenda hakuchanika nyama hata kidogo. Umri huo mfupa wa pale bado haujaungana, na kano huweza kumega kipande cha mfupa. Huyo apigwe picha ya X-ray ya nyonga kabla mtu yeyote hajamvuta mguu.