Waya za mota na waya za betri si kosa moja

Je, ukikosea mpangilio wa waya tatu za mota ya droni, kidhibiti kasi (ESC), yaani kifaa kinachoendesha mota hiyo, kitaungua? Hapana, kosa hilo halikiunguzi. Mota huzunguka kinyume tu, na dawa yake ni kubadilishana nafasi za waya mbili zozote kati ya hizo tatu, au kugeuza mwelekeo kwenye programu ya kidhibiti, ikiwa inaruhusu, bila kuwasha pasi ya kulehemu. Kinachounguza ni kugeuza chanya na hasi za betri, kwa sababu transista za kidhibiti, yaani swichi zake ndogo za umeme, hupitisha umeme unaokuja kinyume karibu bila kizuizi, na betri ya lithiamu humwaga mkondo mkubwa kiasi kwamba zinapasuka kabla hujachomoa plagi.

Angalizo ni kwamba waya hizo tatu zisigusane wala kugusa fremu ya kaboni, ambayo hupitisha umeme, maana hapo huleta shoti. Skrubu ndefu kupita kiasi inayogusa koili za mota kwa chini huleta shoti hiyohiyo, na mafundi wengi huisahau. Shoti ya namna hii ikiua kidhibiti kimoja kati ya vinne vya droni (kimoja kwa kila mota) vilivyotenganishwa, unabadilisha hicho tu. Kwenye bodi moja iliyobeba vyote vinne, kwa kawaida unanunua bodi nzima.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, ondoa propela, kisha unganisha balbu ya gari katikati ya waya chanya wa betri, ili umeme upite ndani yake kwanza: ikimulika kidogo na kuzima ni kapasita (vihifadhi chaji) zinajaa, lakini ikiendelea kuwaka sana, kuna shoti, chomoa.